Picha Ndogo ku Boti Kubwa

Amahoro yenu nyote, nyinyi wa komputa na nyinyi wa simu, na wewe pale nyuma unayejifanya unasikiliza kumbe unaangalia mupira. Sogezeni viti. Leo Juma anaacha kazi. Patro, mukubwa wa kazi, hakunifukuza, magoti yangu njo yalinifukuza. Wameniambia niseme maneno kidogo kabla ya fanta kuisha baridi. Basi nitasema kidogo. Wanaonijua naona washaanza kulia.

Mushahara nairuka, juu yenyewe pia ilikuwa inaniruka. Kupandishwa cheo nairuka vilevile: nilipandishwa siku moja, ile siku walinipa kiti chenye miguu yote. Nitasema habari ya picha. Jana nilimuona mumoja wenu, simutaji jina, lakini amevaa shati ya njano, amechukua logo ya muteja kwenye simu, ndogo sawa kidonge ya malaria, akaivuta mupaka ikawa kubwa sawa mulango, kisha akasema imetoka. Imetoka kweli. Inaenda wapi, yeye hajui. Mimi ninajua. Ile kitu karibu initie mu ziwa na mawe ku miguu.

Mimi sikusoma. Darasa nililiona kwa dirisha, nikipita na beseni ya samaki wadogo wa ndagala ku kichwa. Kazi ya komputa nilipewa kwa sababu ya mabega. Patro Byamungu, Mukongomani wa Uvira, mutu wa kanisa, alifungua sekretaria, nyumba ya kuchapa karatasi, hapa Rumonge karibu na soko, katikati ya vita, wakati watu wenye akili walikuwa wanafunga. Komputa aliileta mu boti, imefungwa ndani ya godoro, na boti iliinama upande ule mupaka samaki wakaingia wenyewe bila nyavu. Umeme haukuwa. Kulikuwa na grupu, ile jenereta ya kuvuta kamba, na haikuwaka mupaka uvute kwa nguvu ya ngombe wawili. Patro alikuwa mwembamba, shati yake ilikuwa inakaa ku mabega sawa iko ku musumari. Akaniona ninapita na magunia, akaniuliza kama naweza kuvuta kamba. Nikavuta. Kamba ikakatika. Akasema, "Huyu anafaa."

Ile grupu ilikuwa na kelele mupaka tulikuwa tunaizima kila mara ili tusikilize kama kuna risasi. Muji muzima ulikimbia ukisikia bunduki. Sisi tulikimbia tukiona wengine wanakimbia. Tukirudi, patro anafagia vumbi, mimi navuta kamba, tunaendelea na mwaliko wa arusi palepale tulipoachia. Juu watu waliendelea kuoana, munajua. Vita haikumaliza arusi, ilimaliza nyama ya arusi tu.

Kwa kukaa karibu na grupu nikajikuta nimekaa karibu na komputa, na kwa kukaa karibu na komputa nikajikuta patro ananifundisha. Alijua sina masomo lakini tumbo ninayo, basi alinifundisha kwa chakula. "Picha ya JPEG," alisema, "ni sahani ya sombe iliyokwisha kupikwa. Wageni wakiongezeka, utafanya nini?" Nikamuambia nitaongeza maji. Akasema ndivyo: ukichukua JPEG ndogo ukaivuta iwe kubwa, unaongeza maji, kila mutu anapata na hakuna anayeshiba. Halafu kuna picha ya vekteri. Ile haiko chakula, ile ni maneno ya mupishi: sombe kiasi hiki, mawese kiasi hiki, chumvi hapa. Akija mugeni mumoja anapika ya mumoja. Ikija arusi anapika ya arusi, na utamu ni uleule. "Mutu akikuletea logo ya biashara yake," patro alisema, "muulize mupishi iko wapi. Usikubali sahani."

Zingine nilizijua kwa kuumia. BMP ilikuwa nzito. Ukiiweka ku disketi, disketi inapumua sawa mama anayepanda kilima cha Kizuka na mukungu wa ngazi, yale matunda ya mawese, ku kichwa. GIF ilikuwa na rangi chache, sawa fundi cherehani aliyebaki na nyuzi za jana. Kwa muhuri na herufi inafaa. Nikaitumia kwa uso wa bibi arusi, akatoka na madoa sawa chui, na mama mukwe wake akasema anaona sasa ukweli umejitokeza. Na JPEG kila ukiifungua, ukaigusa, ukaifunga, inapunguka kidogo. Kuna kinyozi alikuwa anabadilisha tangazo lake kila wiki ku picha ileile. Mwisho wa msimu pua yake ilikwisha. Bado alikuwa anapata wateja, lakini walikuwa wanakuja kumupa pole.

Muteja mwingine alitoka Bugarama, ana restora ya mbuzi. Nikamuwekea mbuzi wa JPEG juu ya bango ya kijani. Mbuzi akakaa ndani ya boksi nyeupe, juu JPEG haijui kuwa bila kitu nyuma yake, lazima ibebe ukuta. Watu wa Bugarama wakamuuliza yule bwana mbuzi wake amefungwa kwa kosa gani. Patro akanionyesha PNG: ile inaacha mugongo wazi, mbuzi anasimama peke yake mu majani. Bwana wa Bugarama akafurahi. Akasema sasa anaonekana mbuzi huru. Akamuchinja.

Sasa mwalimu wangu wa pili. Muzee Swedi, mutu wa mutaa wa Waswahili, fundi wa kupaka rangi. Sekretaria ilitoa karatasi, Muzee Swedi alitoa ukuta, boti, mulango, gari. Alikuwa na brashi aliyojitengenezea kwa mukia wa ngombe, na mukono wake haukutetemeka hata wakati wa mabomu. Watu wanakimbia, yeye anamaliza herufi kwanza. Lakini alikuwa na sheria moja: anapaka anachokiona. Haongezi, hapunguzi. Alisema wachoraji wanaofikiri njo wanaharibu kazi. Kuna mama alimuletea foto ya marehemu bwana wake, na juu ya foto inzi alikuwa amekufia ku shavu. Muzee Swedi akapaka bwana, akapaka inzi, na mabawa yake, na miguu. Mama alilia siku ile. Halafu akamuzoea yule inzi. Akaanza kusema bwana wake alizaliwa na alama.

Mushike hiyo inzi mu kichwa, inarudi.

Barabara ya Bujumbura wakati ule mutu alikuwa anaaga familia kabla ya kupanda basi. Biashara ikashuka ku maji. Mama Zuhura alikuwa anapika sabuni ya mawese, miche mizuri ya manjano, mawese anayatoa Kizuka, na wateja wake walikuwa Kabonga, kule chini karibu na Tanzania. Bwana yake, Baba Zuhura, njo alikuwa anaendesha boti. Mutu wa kimya. Ukimusalimia asubuhi anaitika mchana. Nyumba yao ilikuwa imejaa sabuni mupaka ku kitanda, watoto walikuwa wanalala wasafi bila kuoga.

Ndipo kapiteni wa pozisio, ile ya askari juu ya kilima ku ziwa, akatoa amri. Boti za usiku zilikuwa zinapita na watu wasiojulikana, basi kila boti ya biashara ipakwe alama ya mwenyewe ku mbavu zote mbili, kubwa, na alama ileile iletwe ku karatasi ibandikwe pale pozisio. Askari iko juu na jumeli ya kuona mbali, anaangalia karatasi, anaangalia boti. Ikilingana, pita. Isipolingana, hakusema. Alikuwa mutu wa kutomaliza maneno.

Mama Zuhura akaja kwangu na disketi. Logo yake alikuwa amechorewa Bujumbura zamani, ya kubandika ku karatasi ya sabuni: muti ya mawese, na ngazi tatu chini. Nzuri. Ndogo sawa stampu ya posta. JPEG. Nikamuuliza mupishi iko wapi. Akaniuliza kama nina njaa. Patro Byamungu alikuwa amekwama Uvira, juu ziwa lilikuwa limefungwa upande ule, na soko ya Kabonga ilikuwa inakaribia. "Juma," Mama Zuhura alisema, "nikikosa hii soko, sabuni itaanza kutoka jasho. Na nikimutuma Baba Zuhura bila alama, sitamutuma mara ya pili. Unafanya ama haufanyi?"

Nikavuta kamba. Nikachapa ile picha ndogo ku karatasi moja kwa ajili ya kapiteni, ikatoka safi, mawese inaonekana mupaka unasikia harufu. Halafu ya boti nikaivuta. Nikaivuta tena. Ikatoka karatasi kwa karatasi, nikagundisha kwa ugali ya muhogo juu gundi haikuwa, nikatandika chini. Muti haukuwa tena. Kulikuwa na makare, viboksi vya pembe nne, kare juu ya kare, ya kijani, ya kijani iliyougua, ya njano, ya kahawia, sawa mukeka uliosukwa na mutu mwenye homa. Nikamupelekea Muzee Swedi, mimi nikasema mu roho, huyu ni mutu wa zamani, atajua hapa palikuwa muti, atanyoosha mwenyewe.

Munamukumbuka inzi?

Nilifika ku ziwa asubuhi ya safari, naona watu wamejaa. Muzee Swedi amekaa juu ya ndoo, macho mekundu, rula ku mukono. Alipaka makare yote. Kila moja na rangi yake, ile ya kijani iliyougua aliitafuta mupaka akaipata, mipaka imenyooka sawa imekatwa na wembe. Akaniambia, "Juma, mumenitesa. Lakini huyu aliyechora, popote alipo, nampa heshima. Ana subira ya mamba."

Wamama wa ndagala walikuwa wanazunguka boti. Mumoja akasema boti ya Mama Zuhura imeshikwa na upele. Mwingine akamushauri aipake mafuta ya mawese, si anayo. Mama Zuhura alisimama na kitenge ku mudomo, hakulia, lakini aliniangalia namna mutu anaangalia samaki aliyeharibika, anafikiri amutupe wapi. Sabuni yote ilikuwa imeshapakiwa.

Halafu kapiteni akashuka, na karatasi yangu ku mukono. Akaangalia karatasi. Akaangalia boti. Akauliza hii ni nini.

"Muti ya mawese, afande," Mama Zuhura alisema.

"Mama, mimi nimezaliwa chini ya mawese. Hii haiko mawese. Hii ni karte, ni ramani. Kila kare ni nyumba, hii ya kahawia ni barabara. Nani anatumiwa hii karte?"

Watu wote wakaniangalia. Hata boti iliniangalia. Baba Zuhura alikuwa ameshika injini, wakamuambia aiachie, akaiachia taratibu, mikono juu. Nikaona maneno ya kuokoa huyu mutu ni yangu mimi, na maneno niliyokuwa nayo mu kichwa yalikuwa ya chakula.

Basi nikamueleza kapiteni mwenye bunduki habari ya JPEG. Nikamuambia afande, hii ilikuwa sahani ya sombe ya mutu mumoja. Wageni wakawa wengi. Nikaongeza maji. Yale unayoona haiko nyumba, ni maji ya sombe.

Akauliza, "Na nani aliongeza maji?"

"Mashine, afande."

"Mashine iko wapi?"

"Nimeizima, afande. Ilikuwa na kelele."

Kuna askari alicheka, akajikohoza. Kapiteni akaitazama ile boti tena, akarudi nyuma kidogo, akafunga jicho moja. Akasema mimi nipande, na Baba Zuhura, tuende mupaka pale maji yanabadilika rangi, tugeuze ubavu, tuzime injini. Yeye atapanda kilima achukue jumeli. Akiona mawese, askari atatikisa shati nyeupe. "Nikiona karte," alisema, na akaenda zake. Nimewaambia hakuwa anamaliza.

Mimi ninaogelea sawa pasi ya makaa. Nilikaa juu ya sabuni nikishika sabuni, kitu kibaya sana kushika. Tukafika pale maji yanakuwa meusi, Baba Zuhura akazima injini. Nikamuuliza kama anafikiri kutoka mbali itaonekana. Alifikiri mupaka nikasahau swali. Halafu akasema, "Wewe njo wa komputa." Nikamuambia ile picha mimi niliiona kwa karibu tu, sijawahi kwenda mbali nayo. Akatikisa kichwa. Akasema, "Basi leo umeenda mbali nayo."

Tunaangalia kilima. Kilima kinatuangalia. Mimi nilisali kwa dini zote zilizoko Rumonge, hata ya Patro Byamungu, na ile ni ndefu.

Halafu kitu cheupe kikatikisika juu kule.

Ninyi hamutaamini, na mimi pia sikuona, juu ubavu wa boti mutu aliye ndani haoni. Lakini wote wa ku ziwa waliniapia. Walisema boti ikienda, makare yalianza kusogeleana, yakabanana, yakayeyuka, na pale mbele ya macho yao muti ukaota. Majani, ngazi, kivuli, kila kitu. Mama Zuhura alisema aliona mawese imesimama juu ya maji, na Baba Zuhura chini yake. Zile boti zingine zilizopakwa maandishi membamba mazuri ya kurembesha, kutoka kilimani zilionekana mbao tupu, zikarudishwa zote. Siku ile sabuni peke yake njo iliingia Kabonga.

Na Kabonga wakaipenda. Haikupita muda wanawake wa kule walikuwa wanaulizia sabuni ya mukeka, hawataki nyingine. Kapiteni akaniita pozisio, akasema karatasi yake haifai, askari wa kukagua ku mchanga wanachanganyikiwa, nimuletee iliyo na makare. Nikampelekea. Akaibandika ukutani mwenyewe, akarudi nyuma, akafunga jicho moja, akacheka peke yake. Wafanyabiashara wakanijia na disketi zao, logo zao ni nzima, nzuri, wananiomba niziharibu. Muzee Swedi alinunua rula mupya.

Ndipo ziwa likafunguliwa na Patro Byamungu akarudi kutoka Uvira. Akaona boti ya Mama Zuhura ku mchanga, akauliza nani amefanya hii kitu, wakamuambia ni sekretaria yako. Alikaa chini. Halafu akaenda mwenyewe kwa komputa, akachora upya ile muti kwa vekteri, mustari kwa mustari, siku nzima, mimi navuta kamba. Akaichapa kubwa sawa mulango, ikatoka bila kare hata moja, majani yanakata sawa kisu. Tuliomba musamaha kwa Mama Zuhura kwa jina la sekretaria, tukamuambia ni bure. Yeye mwenyewe alifurahi, alisema sasa atatembea mbele ya wamama wa ndagala. Muzee Swedi aliangalia ile karatasi muda mrefu, akauliza kama mutu amechoka katikati ya kazi. Lakini anapaka anachokiona. Akapaka. Boti ikaondoka asubuhi inang'aa, Patro Byamungu amesimama ku ziwa na Biblia yake, ananiambia, "Unaona, Juma? Huyu sasa njo mupishi."

Tukarudi ku kazi. Ile karatasi ya vekteri patro aliitundika juu ya mulango ili kila anayeingia ajifunze. Alikuwa bado ku ngazi ya kupandia, nyundo ku mukono, Mama Zuhura akaingia, kitenge kimelegea, anapumua. Akasema wameisimamisha boti. Askari ameshika karatasi ya ukutani, ile ya makare, ameshika boti, hazilingani. Anasema hii ni alama ya uongo, mutu ameiba jina la mama wa watu. Sabuni imeshushwa. Baba Zuhura amekalishwa chini ya bendera na yeye unamujua, wakimuuliza leo atajibu kesho. Na mama mumoja wa Kabonga aliyekuwa amekuja kuchukua muzigo wake ameangalia ile muti nzuri, amesema yeye anataka ya Mama Zuhura mwenyewe, hii hamujui.

Patro akaanza kumueleza, taratibu, kutoka kule juu ya ngazi, tofauti ya sahani na mupishi.

Mama Zuhura alimusikiliza mupaka mwisho, juu ana heshima. Halafu akasema:

"Patro, Mungu akubariki wewe na mupishi wako. Lakini munirudishie upele wangu."